Nimefeli mtihani wa kuwa mimi: hii PIN ya kastoma kea inamlinda nani?

#1 Baba_Tatu_Umoja
Habari wadau. Leo nimefeli mtihani ambao sikujua nimeusajili.

Iko hivi. Wiki ya tatu sasa laini yangu inakatwa shilingi 10 kila asubuhi. Meseji ya vitendawili inaingia, sikuiomba, na kredo inashuka. Shilingi 10 si kitu, lakini ni zangu. Nikapiga kastoma kea. Mashine ikanikaribisha kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri, ikataka PIN ya huduma. Nikaweka ile ya kutumia pesa. Ikakataa. Nikaweka tena polepole, labda kidole kimeteleza. Ikakataa. Mara ya tatu ikasema PIN imefungwa. Kumbe PIN ya pesa ni kivyake na PIN ya huduma ni kivyake, na hiyo ya pili sikumbuki kuiweka hata siku moja.

Baada ya kuzungushwa nikampata binadamu, dada mpole sana. Hapo maswali yakaanza. Namba ya kitambulisho, sawa. Mwaka wa kuzaliwa, sawa. "Taja namba tatu unazozipigia mara kwa mara." Jamani, mimi sipigi simu. Naongea na watu WhatsApp. Namba ninayoipigia kwa kredo ni ya mtu wa gesi, nayo siijui kwa kichwa. "Mara ya mwisho uliweka kredo ya shilingi ngapi?" Kredo hunitumia mke wangu. "Salio lako la pesa ni ngapi?" Nikakisia, maana usiku nilikuwa nimelipia stima. Dada akasema pole, majibu yako hayaoani na rekodi, fika dukani na kitambulisho chako.

Mimi nataka tu kuondolewa vitendawili! Sitoi pesa, sihamishi laini. PIN hii inamlinda nani, mimi au wao?

#2 Konda_wa_58
Namba ya kitambulisho unaijua kwa kichwa, ya mke wako huijui. Hiyo kesi haiendi kastoma kea, hiyo inaendea wazee.

#3 MamaMboga_Donholm
Baba Tatu pole. Mimi yangu ilikuwa mbaya zaidi. Niliweka PIN makosa mara tatu laini ikafa kabisa, nikanunua nyingine. Wateja wangu wote wa mkopo walikuwa kwenye ile namba. Hadi leo kuna watu wanakula sukuma wiki yangu bure.

#4 Fundi_Luthuli
Tusichanganye mambo. Huku Luthuli nakutana na hii kila siku, kwa hivyo nieleze mara moja.

Kuna PIN ya laini yenyewe. Hiyo iko ndani ya kadi. Ukikosea mara tatu inafunga na kuomba namba ya kufungulia iitwayo PUK, ambayo ina tarakimu nane. Ukikosea PUK mara kumi, kadi imekufa, hata mimi sikusaidii. Kuna PIN ya pesa. Hiyo hukaguliwa kwenye mitambo ya kampuni. Ukiikosea unafungiwa huduma ya pesa lakini simu inapiga kama kawaida. Halafu kuna hii ya tatu ya Baba Tatu, ya kuongea na kastoma kea, ambayo watu huwekeshwa siku ya kusajili laini na kuisahau kabla ya kufika stage.

Mama Mboga, yako ilikuwa ya kwanza. Namba ya PUK ilikuwa imeandikwa kwenye kile kikadi cha plastiki ulichokwanyua laini. Kila mtu hukitupa. Na kwa wakati huo laini haikuwa imekufa, ilikuwa inaomba PUK tu. Hukuhitaji namba mpya.

#5 MamaMboga_Donholm
Fundi ungeniambia hayo mwaka ule.

#6 Shangazi_wa_Kisauni
Salaam. Naona mnasema "namba ya PIN". Herufi ya mwisho ya PIN, ile N, tayari ni "number", yaani nambari. Ni kama kusema "nambari ya nambari". Semeni nambari ya siri, yatosha.

#7 Konda_wa_58
Shangazi ukimwambia ajenti wa Kayole "nambari ya siri" atadhani unataka kumtongoza.

#8 Ajenti_Githurai
Mimi ndiye huyo ajenti, ila wa Githurai. Niwaambie upande wangu, maana watu hulaumu kampuni na hawajioni.

Hakuna siri. Mzee anafika, ananipa simu: "Nitolee elfu mbili, PIN ni mwaka niliozaliwa." Anasema kwa sauti, na nyuma yake wamesimama vijana wanne. Nikimrudishia simu abonyeze mwenyewe ananuna, anaona nimemdharau, macho hayaoni. Kuna mama mwingine ameandika PIN kwa kalamu ndani ya kava ya kitambulisho. Simu na kitambulisho vinakaa mfuko mmoja. Akiporwa pale kwa daraja, mwizi amepewa kila kitu pamoja na maelekezo.

Kwa hivyo kampuni ikiongeza PIN ya pili mimi naielewa. Ya kwanza tulishaimwaga.

#9 Hesabu_Ngumu
Ajenti ametaja jambo la maana, acha niliwekee hesabu. Tarakimu nne zinatoa PIN 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Mwizi akipewa nafasi tatu, bahati yake ni 3 kwa 10,000. Hiyo ni iwapo umetumia namba ya kubahatisha. Ukitumia mwaka wa kuzaliwa, tuseme kati ya 1950 na 2005, zinabaki 56. Na kama ana kitambulisho chako mkononi, imebaki moja.

#10 Mwalimu_Mstaafu
Tarakimu nne zina hadithi yake. Mashine ya kwanza ya kutoa pesa ya benki ya Barclays ilifunguliwa Enfield, kaskazini mwa London, Juni 1967. Aliyeibuni, John Shepherd-Barron, alitaka tarakimu sita, lakini mkewe akasema yeye anaweza kukumbuka nne tu. Dunia nzima ikabaki na nne.

#11 Hesabu_Ngumu
Mwalimu, hadithi hiyo ni tamu na Shepherd-Barron mwenyewe aliisimulia, lakini wako wanaompa sifa ya PIN mtu mwingine, James Goodfellow wa Scotland. Hati yake ya ubunifu ni ya 1966, mwaka mmoja kabla ya Enfield.

#12 Mwalimu_Mstaafu
Nimepokea sahihisho. Ila mke wa Shepherd-Barron tusimwondoe. Kwa Baba Tatu wa #1 nne zimeshinda, sita zingemwua.

#13 Dada_Buruburu
Nimesoma #1 nikacheka, halafu nikanyamaza. Wacha niwaambie upande wa pili.

Ijumaa moja jioni simu yangu ilipoteza mtandao. Nikadhani ni mlingoti, mtaani kwetu hutokea. Nikalala. Jumamosi saa nne asubuhi bado hakuna mtandao, na majirani wanapiga simu kama kawaida. Nikachukua simu ya mume wangu, nikapiga kastoma kea. Wakaomba PIN ya huduma. Mimi niliiweka na niliikumbuka, nikaitaja. "PIN uliyoweka si sahihi." Ilikuwa imebadilishwa usiku. Nikaulizwa maswali yale yale ya Baba Tatu, na kredo ya mwisho kwenye rekodi haikuwa imewekwa na mimi.

Mtu alikuwa amechukua laini mpya kwa jina langu. Kwa rekodi, yeye ndiye alikuwa mimi. Akaingia kwenye programu ya benki, akaomba namba ya uthibitisho, meseji ikaenda kwake. Alikula akiba ya chama, na juu yake akachukua mkopo wa simu ambao niliulipa miezi mitano.

Baba Tatu, wewe mwenye laini umefeli mtihani. Mwizi wangu alipita. Hapo ndipo ninapouliza: alisomea wapi?

#14 Konda_wa_58
Dada pole sana. Hiyo si ya kuchekea.

#15 Jicho_Kali_Kayole
#13 amesema yote. Maswali yale jibu lake liko ndani ya kampuni. Ni nani anayejua namba tatu unazozipigia na kredo yako ya mwisho? Wewe na mfanyakazi anayeangalia skrini. Mlango una kufuli tatu nje na dirisha liko wazi nyuma.

#16 Niliwahi_Kuvaa_Hedifoni
Nilifanya kazi kituo cha simu miaka miwili, kampuni sitaitaja. Jicho Kali, nusu umesema kweli, nusu umeonea watu.

Yule dada wa #1 haoni PIN yako, mfumo humwonyesha tu kama imekubali au imekataa. Akifungua akaunti yako bila uthibitisho, jina lake linabaki kwenye rekodi na simu ilikuwa inarekodiwa. Kesho yake anaitwa ofisini. Nimeona mtu akifutwa kwa sababu alimsaidia mzee aliyekuwa analia, na mzee alikuwa kweli ndiye mwenye laini. Ndiyo sababu tunakuwa wagumu kama jiwe. Mtu akilia tunamwambia pole, na tunarudia swali.

Na dakika zinahesabiwa. Mteja anayekumbuka PIN anamalizwa haraka. Yule wa kuulizwa maswali anakula muda, foleni inarefuka, msimamizi anakuja kusimama nyuma ya kiti chako. Kwa hivyo ndiyo, PIN ilikuwa pia ya kupunguza muda wa simu. Hilo sikatai.

Lakini wezi wengi hawakuhitaji mtu wa ndani. Walimpigia mteja mwenyewe: "Tunakupigia kutoka kwa kampuni, laini yako inafungwa leo, tuthibitishe. Umeweka kredo ya ngapi mwisho?" Anataja. Wanamtumia kredo ya shilingi 20, sasa wanaijua ya mwisho. Wanampigia mara mbili tatu kwa namba tofauti, wanamfanya awapigie nao, sasa wanazijua namba "anazozipigia mara kwa mara".

#17 Dada_Buruburu
Wiki ile nilikuwa nimepigiwa simu na "mhudumu". Nilidhani ni matangazo. Nilimpigia tena mara mbili kwa sababu ilikuwa inakatika.

Mungu wangu.

#18 Jicho_Kali_Kayole
Bado. Laini mpya haijitoi yenyewe, kuna mtu aliyeitoa akiwa ameshika kitambulisho kisicho na uso wa Dada. Hedifoni unatetea wenzako.

#19 Niliwahi_Kuvaa_Hedifoni
Sitetei. Aliyeitoa laini ni wa dukani au wa kibandani, mimi nilikuwa wa simu. Huko nako kuna mazuri na mabaya yao.

#20 Konda_wa_58
Hiyo ya "laini yako inafungwa" ilinipata. Jamaa akaniambia nibonyeze *33*0000# nisifungiwe. Nikabonyeza mbele ya abiria, niko kwa mlango. Baadaye nikitaka kupiga simu, hakuna. Zinaingia tu, hazitoki. Wakati huo yeye yuko kwenye simu ya mama yangu anamwambia nimepata ajali na natakiwa kulipa hospitali. Mama ananipigia, naongea naye vizuri, anasema "huyu si wewe, sauti imebadilika". Ikabidi nimtajie jina la mbuzi tuliyekuwa naye nikiwa darasa la tatu.

#21 Fundi_Luthuli
Hiyo *33* si kitu cha kampuni moja, ni amri ya mitandao ya simu duniani ya kuzuia simu zinazotoka. Sifuri nne ni nywila ya kuanzia ambayo watu hawaibadilishi. Mwizi anaitumia usiweze kupigia kastoma kea wala ndugu zako. Kuiondoa ni #33*0000#. Na mkishuku simu zenu zinaelekezwa kwa mtu mwingine, *#21# inaonyesha, ##002# inafuta zote.

Mama wa Konda ndiye mwenye mfumo bora hapa. Swali la mbuzi haliko kwenye rekodi ya mtu.

#22 Shangazi_wa_Kisauni
Mbuzi aliitwa nani?

#23 Konda_wa_58
Shangazi hiyo sasa ndiyo PIN yangu. Ng'o.

#24 Wakili_wa_Mtaa
Jioni njema. Mnasahau sheria. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kampuni ikimfungulia mtu asiyehusika rekodi zako inaweza kushitakiwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hata zile shilingi 10 za vitendawili zinaonyesha unasoma nini na saa ngapi. Kwa maoni yangu PIN hii ni ya kujikinga na kesi. Jibu la swali la #1 ni: inawalinda wao, na wewe ukiwa umesimama karibu unapata kivuli.

Baba Tatu, ukizungushwa sana, andika malalamiko kwao kwanza, upate namba ya malalamiko. Wakikaa kimya, peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Hawa hukuuliza kwanza kama ulilalamika kwa kampuni yenyewe.

#25 Baba_Tatu_Umoja
Wakili, kulalamika kwao ndiko kunakohitaji PIN.

#26 Wakili_wa_Mtaa
Barua pepe haina PIN.

#27 Hesabu_Ngumu
Wakili, sheria ilikuja 2019 lakini hizi PIN za kastoma kea wengine tulikuwa nazo kabla yake. Nadhani maelezo ni mepesi zaidi. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, laini ilikuwa ya kupigia simu na pesa zikapandikizwa juu yake. Baadaye mikopo, benki, kodi ya nyumba, vyote vikakaa juu ya laini ile ile. Kila chumba kilipoongezwa kilikuja na kufuli lake, hakuna aliyerudi nyuma kuunganisha funguo. Ni kama ploti za mtaa wa Pipeline hapa Nairobi, kila ghorofa ina geti lake na mlinzi wake.

#28 Mjane_wa_Kariobangi
Samahani kwa kuingilia. Laini yangu ni ya mume wangu, alifariki. Ilisajiliwa kwa kitambulisho chake, mimi ndiye niliyeitumia miaka yote. PIN ya huduma aliiweka yeye. Nikipiga wananiuliza "unaongea kwa niaba ya nani?" Namba hii iko shuleni kwa watoto, iko kanisani, iko kwa kila mtu. Nifanye nini? Naogopa nikisema amekufa wataifunga.

#29 Niliwahi_Kuvaa_Hedifoni
Mama pole sana. Usipige simu, nenda dukani moja kwa moja. Beba cheti cha kifo, vitambulisho vyote viwili na cheti cha ndoa kama unacho, omba laini ihamishiwe jina lako. Kabla ya kwenda, kama kuna pesa ndani na PIN ya pesa unaijua, uliza kwanza zitakuwaje usije ukakwama. Pesa za marehemu zina utaratibu wake, nao ni mrefu.

#30 Wakili_wa_Mtaa
Naunga mkono #29. Na wengine wote: bonyezeni *106# muone namba zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyenu. Wakati wa lile zoezi la usajili wa laini la 2022 kuna watu waligundua wana laini nane wasizozijua.

#31 MamaMboga_Donholm
Nimebonyeza. Niko na nne. Mimi nina simu moja.

#32 Jicho_Kali_Kayole
Ndiyo hayo. Halafu mnaniambia wa ndani hawahusiki.

#33 Ajenti_Githurai
Au ulisajilia watoto na wafanyakazi wa nyumba, Mama Mboga. Kumbuka vizuri kwanza.

#34 MamaMboga_Donholm
Mbili ni za watoto. Ya tatu ni ya shemeji. Ya nne nitamuuliza shemeji.

#35 Kijana_Roysambu
Kwa nini msihame mtandao tu? Kuhama na namba yako kuliruhusiwa tangu 2011.

#36 Ajenti_Githurai
Namba inahama, akaunti ya pesa haiji nayo. Na huko utakapofika utawekeshwa PIN mpya. Mbili.

#37 Baba_Tatu_Umoja
Wadau, nimerudi na taarifa. Asubuhi nilienda dukani, mjini. Soja akanipa tikiti, watu 41 mbele yangu. Nilitoka na PIN mpya ya huduma saa saba. Kijana aliyenihudumia ni mzuri, nikamwambia basi uniondolee na vile vitendawili. Akasema hiyo ni idara ya kastoma kea, nipige simu.

Nimepiga. Nimeweka PIN. Imekubali! Nimewekwa kwenye foleni, sasa niko dakika ya kumi na nne.

#38 Konda_wa_58
Muziki ni ule wa saksafoni?

#39 Baba_Tatu_Umoja
Ule ule. Na meseji ya leo imeingia nikiwa kwenye laini: "Nyumba yangu haina mlango."

#40 Shangazi_wa_Kisauni
Yai.

#41 Baba_Tatu_Umoja
Shangazi najua. Wamekata 10.